Projekta yenye USB: tundu lipi litakufaa hapa Lubumbashi?

"Iko na USB, mwalimu. Unaingiza flashi, njo basi." Ndivyo alivyoniambia kijana mmoja muuzaji wa projekta katikati ya mji, huku akiigeuza mashine nilione tundu kwa macho yangu. Nililiona, nikalipa. Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya wanafunzi wa darasa la sita la sekondari waliokuwa wakijiandaa kwa Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, nikachomeka flashi yenye video ya mgawanyiko wa seli, nikabonyeza rimoti, nikatafuta, nikabonyeza tena. Kwenye menyu hapakuwa na neno USB popote. Kitaa cha flashi kilikuwa kinawaka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika, lakini hakuna kilichosomwa. Nilipoinama na tochi ya simu ndipo nikaona pembeni ya tundu maandishi madogo kama sisimizi: 5V 1.5A. Tundu lile lilikuwa la kutoa umeme tu.

Sidhani kama yule kijana alikusudia kunidanganya. Aliona tundu akaamini, kama nilivyoamini mimi. Lakini shule nyingi za kwetu, parokia na kwaya hununua projekta moja kwa michango ya mwaka mzima, na mashine ikishavuka mpaka wa Kasumbalesa na kufika dukani, kuirudisha ni kazi nyingine. Tangu siku ile nimetumia projekta za aina nne, na nataka anayekwenda kununua ya kwake ajue tofauti kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tundu moja, kazi nne

Ukiitazama projekta kwa nyuma, matundu ya USB yanaweza kuwa na kazi kuu nne zisizofanana. Kuna linalosoma mafaili ya flashi. Kuna linalotoa umeme tu. Kuna lile la mraba, USB-B, la kupokea waya kutoka kwenye kompyuta. Na kuna USB-C, ambayo inaweza kupokea picha, au kuilisha projekta umeme, au yote mawili, au kutoa umeme kidogo tu.

Mawili ya kwanza ndiyo yanayowachanganya watu, kwa kuwa sura yao ni moja kabisa: bapa, pana, lile lile tulilolizoea tangu USB ianze mwaka 1996. Kwa jicho huwezi kuyatenganisha. Soma maandishi ya pembeni. Ukiona "5V" na kiasi cha ampea peke yake, au "DC OUT", hilo ni la umeme. Ukiona "SERVICE", ni la fundi, la kuingizia programu mpya ya ndani ya mashine. Njia ya uhakika zaidi ni kuiwasha projekta, kubonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, na kutazama orodha. Kama USB haimo, haisomi flashi, hata muuzaji aape. BenQ na ViewSonic wana projekta kadhaa za ofisini ambazo USB yake ni ya umeme, na hilo si kosa la mashine, ndivyo ilivyopangwa.

Je, tundu la umeme tu halina faida? Lina faida, kama una kijiti cha kuonyeshea filamu za intaneti, kinachochomekwa kwenye HDMI (tundu la picha na sauti), kama Chromecast au Fire TV Stick. Vijiti hivyo huhitaji takriban ampea 1 kwa volti 5. Tundu la 1.5A linakilisha vizuri, na unaokoa chaja moja na nafasi moja kwenye ralonji. Lakini tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa nusu ampea tu, na kijiti kikilishwa hapo huwaka, huonyesha nembo, huzima, huwaka tena. Ukiona hivyo usikimbilie kusema kijiti kimekufa. Kipe chaja yake kwanza. Kumbuka pia kwamba vijiti hivi vinaishi kwa intaneti, na atakayenunua megabaiti za simu ili kuonyesha filamu ya saa mbili ahesabu gharama yake mapema.

Tundu la mraba

USB-B nitaipita haraka. Kwenye baadhi ya Epson, waya wa mraba hubeba picha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye projekta, baada ya kuweka programu ndogo ya Epson kwenye kompyuta hiyo. Slaidi hupita vizuri. Video hukwama, kwa sababu picha inabanwa na kompyuta, inapitishwa kwenye njia nyembamba, kisha inafunguliwa tena. HDMI haina kazi hiyo yote, picha inapita moja kwa moja pamoja na sauti. Mimi nimeishukuru USB-B mara moja tu, siku ambayo tundu la HDMI la laptopu ya shule lililegea na wageni walikuwa wameshakaa. Ni tairi la akiba. Usiongeze hata dola kumi kwa ajili yake.

Flashi au laptopu?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Kama tundu lako kweli linasoma flashi, swali linalobaki ni kama utaiacha laptopu nyumbani au utaibeba. Nimefanya yote mawili miaka kadhaa, na jibu langu hubadilika kwa kazi.

Tuanze na umeme, maana hapa kwetu kila mpango unaanzia hapo. Projekta ya taa, yaani ya balbu, hula wati 250 hadi 300. Laptopu inayochaji huongeza 50 au 60. Ukumbi wa parokia una betri moja ya volti 12, Ah 100, pamoja na inveta. Kwa hesabu betri hiyo ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una 600, na inveta nayo inakula sehemu yake. Zinabaki kama 500. Projekta ya wati 300 peke yake itakwenda saa moja na dakika arobaini. Ukiichomeka laptopu pia, unapoteza robo saa. Kwa filamu ya saa moja na nusu, robo saa hiyo ndiyo tofauti kati ya kuona mwisho na kuwaaga watu gizani. Projekta ndogo ya LED inayokula wati 60, kwa betri ile ile, itapitisha saa nane.

Lakini umeme ukikatika katikati, laptopu inashinda. Ina betri yake, inakungoja pale pale ulipoachia. Projekta inayosoma flashi huzimika nzima, na ikiwaka tena baadhi yake huanza video tangu mwanzo, nawe unabaki na rimoti mkononi ukisogeza mbele huku watoto wakipiga kelele "hapana, tulishafika mbele!" Na kama ni projekta ya taa, usiiwashe papo hapo. Feni imesimama ghafla, taa bado ni ya moto sana. Iache ipoe dakika chache. Za LED hazina shida hiyo, zinawaka mara moja.

Sauti ni jambo ambalo wengi hawalikumbuki mpaka siku yenyewe. Ukitumia laptopu, waya wa bafle, spika kubwa ya nje, unauchomeka kwenye laptopu. Ukitumia flashi, sauti inatoka kwenye projekta, na spika ya ndani mara nyingi ni ya wati 2 hadi 5, inatosha chumba cha kulala. Kwa ukumbi unahitaji projekta yenye tundu la kutoa sauti, lile dogo la milimita 3.5 kama la hedifoni. Nimekutana na projekta inayosoma flashi vizuri kabisa lakini haina pa kutolea sauti. Tulipeleka maikrofoni mbele ya spika yake jioni nzima. Basi, kama mpango wako ni flashi, tundu la sauti ni la lazima sawa na la USB.

Halafu yanakuja mafaili, na hapa laptopu inasamehe mengi ambayo projekta haisamehe. Laptopu yenye VLC, programu ya kuchezea video, inafungua karibu kila kitu. Projekta inafungua kile tu ambacho imefundishwa. Epson za darasani zenye kitu kinachoitwa PC Free huonyesha picha za JPEG vizuri sana, lakini video zinataka ziwe AVI ya aina ya Motion JPEG, ambayo hutaipata kwa rafiki wala kwenye simu yako. Projekta ndogo za Kichina husoma MP4 bila shida ikiwa video ilibanwa kwa H.264. Ikiwa ni H.265, nyingine husema haziwezi, nyingine hutoa sauti na kuacha ukuta mweusi. Kinyume chake pia hutokea: picha nzuri na kimya kabisa, kwa sababu sauti ya filamu ni DTS au AC-3 na mashine haina ruhusa ya kuifungua. Sauti ya AAC au MP3 haina matatizo. Kuna programu ya bure inayoitwa HandBrake ambayo hugeuza video kuwa MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC. Fanya kazi hiyo siku moja kabla, umeme ukiwepo.

Flashi yenyewe nayo ina lugha yake. Projekta nyingi husoma mpangilio unaoitwa FAT32. Flashi kubwa, za GB 64 kwenda juu, mara nyingi huja na exFAT, na projekta za zamani huziona kama tupu. Ukibadilisha kuwa FAT32, kumbuka kwamba faili moja haliwezi kufika GB 4, kwa hiyo filamu ndefu yenye picha safi itakataa kunakiliwa hata kama flashi ina nafasi tele. Mimi huweka flashi ya GB 16 pembeni, FAT32, kwa projekta tu. Siipeleki kwenye vibanda vya fotokopi, maana kompyuta za huko zinashika flashi mia kwa siku, na virusi vya kuficha mafolda nilishavipata kiasi cha kutosha.

Tena kuna video za WhatsApp. Mama mmoja wa kwaya aliniletea video ya harusi ya binti yake, akitaka tuionyeshe kwenye karamu. Kwenye simu ilikuwa inang'aa. Ukutani, ikitanuka mita mbili na nusu, sura za maarusi zilikuwa kama uji. "Mwalimu, ni mashine yako iko mubaya?" aliniuliza kwa huzuni. Mashine ilikuwa salama. WhatsApp ilikuwa imeibana video ili isile megabaiti. Tulimpigia aliyepiga video, akaituma upya kama hati, si kama video, nayo ikaja na ubora wake wote. Hilo ni la kukumbuka kabla ya kulaumu tundu.

Kwa slaidi, flashi inafaa kuliko watu wanavyodhani, ukikubali masharti yake. Projekta zenye Android hufungua PowerPoint kwa programu kama WPS Office, lakini maandishi huhama na michoro inayosogea husimama. Njia yangu ni kuhifadhi kila slaidi kama JPEG. PowerPoint inafanya hivyo yenyewe ukichagua JPEG wakati wa kuhifadhi, na unapata folda yenye picha. Zipe majina 01, 02, 03 hadi mwisho. Ukiandika 1, 2, 3, mashine nyingi zitaonyesha 1, halafu 10, halafu 11, ndipo zirudi kwenye 2, nawe utajikuta unaeleza hitimisho kabla ya utangulizi. Ninafundisha somo zima la jiografia kwa picha 24 na rimoti, nikitembea kati ya madawati, bila waya wowote kunifunga mezani. Uhuru huo ni mkubwa kuliko unavyosikika. Siku ambayo mwanafunzi ameuliza swali linalotaka nifungue faili jingine, nitafute ramani, niandike juu ya picha, siku hiyo flashi inanifunga na laptopu inanifungua.

Taa yenye mwanga au LED yenye Android?

Dukani utakutana na mgongano huu: kwa pesa zinazokaribiana, ama projekta ya taa iliyotumika ya kampuni inayojulikana, yenye USB finyu, ama LED mpya ya Kichina yenye Android, USB mbili, Wi-Fi, na spika. Kwa upande wa USB peke yake, LED inashinda kwa mbali. Inasoma flashi, inasoma diski ya nje, inafungua PDF, inaonyesha manukuu ya filamu, na ukiingiza panya ya kompyuta kwenye tundu la pili unaitumia kama kompyuta.

Lakini mwanga hauingii kupitia USB. Makasha mengi ya LED hizo huandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) elfu kadhaa, na neno "1080p" kwa herufi kubwa. Tafuta neno "ANSI" au "ISO 21118" karibu na namba ya lumeni, hivyo ndivyo vipimo vinavyoheshimika. Kisha tafuta ukubwa halisi wa picha: nyingi za bei ya chini ni pikseli 800 kwa 480, na ile "1080p" inamaanisha tu kwamba zinaipokea video kubwa na kuipunguza. Projekta ya taa yenye lumeni 3,000 za kweli inasomeka darasani mchana, pazia likiwa nusu. LED ndogo mchana ni kivuli cha rangi. Usiku, nje, wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba mvua ikiwa imekwenda na giza likiwa limetua saa kumi na mbili na nusu, LED hiyo hiyo inafurahisha mtaa mzima. Tumeionyesha Katuba kwenye shuka jeupe, watu wamejifunika vitenge kwa baridi ya Juni, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo nisingemshauri mwalimu wa mchana anunue LED kwa ajili ya USB yake. Anunue mwanga kwanza. Projekta ya taa isiyosoma flashi inaweza kuongezewa kisanduku kidogo cha Android kwenye HDMI, ambacho kinasoma flashi, nawe umemaliza. Projekta isiyo na mwanga haiongezewi chochote.

Vumbi letu jekundu nalo ni sehemu ya ulinganisho. Linaingia kwenye vichujio vya projekta za taa, na linaingia kwenye matundu ya USB. Funika tundu kwa kipande cha plasta wakati halitumiki. Na flashi ndefu inayochungulia nje huvunja tundu mara mtoto anapopita na kuigusa. Nunua fupi.

USB-C na simu

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana: simu yangu ina USB-C, projekta ina USB-C, nitaunganisha waya nione picha? Mara nyingi, hapana. Ili picha itoke, simu lazima iwe na kitu kinachoitwa DisplayPort Alt Mode. Samsung za daraja la Galaxy S zinacho, iPhone tangu namba 15 ya mwaka 2023 zinacho. Simu za bei nafuu ambazo wengi wetu tunazo zina USB-C ya chaji na mafaili tu, na waya wa bei yoyote hautalibadilisha hilo. Kwa simu hizo, njia ni kurusha picha kwa Wi-Fi, au kunakili video kwenye flashi.

Faida kubwa ya USB-C kwetu iko upande wa umeme. Zipo projekta ndogo zinazolishwa na pawabenki yenye Power Delivery, yaani inayotoa umeme mwingi kupitia USB-C. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, na projekta inayokula wati 65 itakwenda karibu saa moja nayo. Mhudumu wa afya anayezunguka vijiji vya njia ya Kipushi na video ya dakika ishirini juu ya kunawa mikono ataonyesha mara mbili, labda tatu, bila jenereta. Kwake hiyo ni bora kuliko zote nilizozitaja.

Kwa anayeonyesha mechi za Mazembe na kutoza kiingilio, USB haina kazi. Dekoda inakuja kwa HDMI. Atafute mwanga na bafle, tundu la flashi liwe nyongeza. Kwaya na vikundi vya sala vinavyokutana jioni, LED yenye USB inayosoma na tundu la sauti inatosha, na laptopu haihitajiki. Shule, taa yenye mwanga na HDMI, flashi iwe njia ya pili. Kwa karamu na vilio, ambako wenye shughuli wanaleta picha dakika ya mwisho kwenye simu tano tofauti, beba laptopu, usijadiliane.

Flashi ya kujaribia

Sasa hivi siingii dukani bila flashi yangu ya majaribio. Ina mafaili ya aina saba: MP4 ya H.264, MP4 ya H.265, filamu yenye manukuu ya SRT, picha kumi za JPEG zenye majina ya namba, PDF moja, PowerPoint moja, na wimbo wa MP3. Namwomba muuzaji awashe mashine, nachomeka mwenyewe, nafungua moja baada ya nyingine. Naichomoa flashi katikati ya video na kuirudisha, nione kama mashine inaendelea au inaganda. Kisha nauliza pa kuchomeka bafle. Inachukua dakika kumi.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mwalimu mwenzangu wa Ruashi. Muuzaji alituonyesha projekta tatu, zote "iko na USB". Ya kwanza haikuwa na USB kwenye menyu. Ya pili ilifungua picha tu. Ya tatu ilifungua aina sita kati ya saba, ikashindwa H.265, na ilikuwa na tundu la sauti. Mwenzangu aliinama, akasoma maandishi ya nyuma kwa tochi ya simu, akaniangalia, ndipo akaanza kupatana bei.